Rangi Nyekundu Chini ya Kahawia

Wiki ya tatu ya Julai joto lilifika nyuzi thelathini na moja. Borgny Tveitan, mjane wa miaka sabini na minne, alianza kubandua rangi ya baraza ya mbao nyuma ya nyumba yake saa kumi na moja alfajiri, kabla jua halijapanda juu ya banda la mashua. Alipaka dawa ya kulainisha rangi ubao mmoja mmoja, akainyunyizia maji isikauke, kisha akasugua kwa burashi kufuata mistari ya mbao.

Rangi ya kahawia ilipolainika, maneno yaliyowahi kusemwa barazani yalitoka pamoja na povu, yakisikika kwa sauti za waliosema. Hayakuwa makubwa. Marehemu mumewe, Torleiv, alilalamikia goti. Mgeni mmoja aliomba siagi. Borgny aliyasukumia kwenye nyasi kwa mpira wa maji.

Jirani yake Oddvar, seremala mstaafu, alikuja na burashi yake bila kuitwa. Alisema baraza yake mwenyewe, alipoibandua mwaka juzi, ilizungumzia bei ya samaki siku tatu. Alishauri wawahi upande wenye kivuli, maana dawa ikikauka maneno hukatika.

"Na uvae kofia, mama wewe," alisema. "Ukikaangika hapa, kahawa nitakunywa kwa nani?"

Chini ya kahawia palikuwa na nyekundu, rangi ya kiangazi cha 1988. Kiangazi hicho mwana wao wa pekee, Eilif, akiwa na miaka ishirini, aliondoka na begi moja, asirudi. Siku moja kabla, Borgny alikuwa amemfokea kwa kuacha chuo cha ubaharia. Miaka yote Torleiv alimwambia, kwa upole, kwamba ulimi wake ndio uliomfukuza kijana. Borgny alikubali.

Kwenye ubao wa nne kutoka mlangoni, Torleiv alisema, kwa sauti ya ujanani:

"Mama yako hataki kukuona tena. Kanituma nikwambie."

"Kasema mwenyewe?" aliuliza Eilif.

"Mwenyewe. Usiandike, usipige simu."

Oddvar alifunga maji. Borgny aliketi kwenye ngazi.

"Umesikia?"

"Nimesikia."

"Basi sikuwa mimi."

"Hukuwa wewe, Borgny."

Mchana Borgny alikula vipande vitatu vya mkate vyenye uduvi, akaifuta sahani. Kisha akapiga namba ya Eilif huko Tromsø, mji wa kaskazini ya mbali, aliyoihifadhi miaka mingi bila kuthubutu kuitumia. Eilif alipokea. Borgny alimweleza, akasogeza simu karibu na ubao, akasugua. Eilif aliomba kusikia tena. Alisugua hadi ubao ukawa mweupe na haikubaki sauti.

Eilif alisema amefurahi kujua. Alisema pia kwamba amezoea kuishi bila mama, kwamba wanawe wanamwita mtu mwingine bibi, na kuhusu kuja hakuahidi. Borgny alijibu kwamba hakupiga kuomba hilo. Wakaongea juu ya joto robo saa nzima, na alipokata simu mabega yake yalikuwa mepesi.

Mbao zilikauka siku mbili. Asubuhi ya tatu walifungua kopo la rangi, na Oddvar akauliza kama ule ubao wa nne wauache.

"Upake," alisema Borgny. "Ukiachwa hivyo utaoza."

Alipiga magoti, akaupaka mwenyewe kutoka ncha hadi ncha bila kuinua burashi, kisha akaanza wa tano.