Ngazi za Kwenda Kupimwa Moyo

Dobi alikamua shuka za nyumba ya wageni, akazianika zote, ndipo akavaa viatu vya kwenda hospitali. Siku hizi pumzi ilimkatikia katikati ya kufua, na jioni miguu ilivimba hata viatu vikamkataa. Bosi wake alikwisha kumwambia waziwazi: alete majibu ya moyo, la sivyo shuka atafua mwingine. Mdogo wake, msusi, alifunga kibanda akamsindikiza.

Chumba cha kupimia moyo kilikuwa ghorofa ya juu kabisa. Lifti ilikuwepo, nzima, inameremeta, na mlinzi ameketi mbele yake. Akawaambia lifti ni ya wakubwa na wageni wao. Wagonjwa wapite ngazini. Msusi akamweleza kwamba dada yake anaumwa moyo. Mlinzi akajibu kwa upole kwamba wote waendao huko juu wanaumwa moyo. Wakiruhusiwa hao, wakubwa watapanda nini?

Dobi hakubishana. Alishika ukuta, akaanza. Kwenye kona ya ngazi walimkuta mzee ameketi, kapakata bahasha ya eksirei.

"Karibu, mwanangu," alisema. "Hapa tunapooza injini."

Wakacheka mpaka dobi akapaliwa na kikohozi. Msusi, machozi yakimlenga, akamsihi warudi nyumbani.

"Nikirudi, ngazi zitaningoja," dobi akamwambia. "Heri nizimalize leo."

Walipofika, karani alimtazama anavyohema, akasema muda wa kupokea wagonjwa umepita, arudi wiki ijayo. Tena mtu aliyejipandisha mwenyewe mpaka huku hana hali mbaya. Dobi akavuta kiti, akakiweka katikati ya mlango, akaketi. Kelele za karani zikamtoa mpimaji, mwanamke mwenye macho ya usingizi, ambaye alimwona tu akamshika mkono na kumwingiza ndani.

Alilala ubavu wa kushoto. Alijikaza akingoja sindano, lakini hapakuwa na sindano wala kisu: ni jeli ya baridi tu, na kifaa kikiteleza juu ya mbavu. Kwenye kioo cha mashine akauona moyo wake, ukijikunja na kujikunjua bila kupumzika. Akauonea huruma kama mtu anayemtazama mfanyakazi mwenzake.

"Kilango hiki hakifungi vizuri," mpimaji alimwonyesha. "Damu inarudi ilikotoka. Kuna dawa, na daktari atakuona kila mwezi. Ila ngazi basi, dada yangu. Usipande tena."

"Huyo daktari ataniona wapi?"

Mpimaji akampa kitambaa cha kufutia jeli. "Hapahapa juu."

Dobi akafunga vifungo vya blauzi, akaenda moja kwa moja kwenye lifti, akabonyeza. Ndani mlikuwa na mkubwa mmoja mwenye suti, aliyemfahamisha kwamba hiyo si ya wagonjwa.

"Nimekatazwa ngazi," alisema dobi, akaingia na mdogo wake.

"Umekatazwa kupanda. Sasa unashuka."

"Leo nashuka. Mwezi ujao nitapanda, na nitapanda na hiihii."

Chini, mkubwa alitoka. Mlinzi akasimama, akamwambia dobi naye atoke. Dobi hakutoka. Aliweka mguu wake uliovimba mlangoni, lifti isifunge, akamgeukia mdogo wake.

"Nenda ngazini ukamlete yule mzee," alisema. "Na yeyote utakayemkuta ameketi. Waambie wasikimbie, tunawasubiri."