Muhuri Wenye Pengo

Mchonga mihuri yule walimbandika jina la Tomaso, na halikumkosea. Noti ukimpa aliinyanyua kwenye mwanga, mlango akiufunga alirudi kuusukuma, na mteja akiisifu kazi yake alijiuliza huyu anataka kukopa nini. Kwa hiyo dada yake alipoingia kibandani asubuhi ile, uso umechanua, akaweka barua mezani, Tomaso alianza kwa kuinusa.

"Nimepata ruzuku ya serikali, kaka. Cherehani tatu mpya. Tatu!"

Dada alikuwa mjane, mshonaji wa sare za shule, na cherehani yake moja ndiyo iliyomlisha yeye na wanawe. Tomaso akasoma barua mpaka chini.

"Hapa wanataka ada kabla hawajakupa kitu. Namba ni ya simu ya mtu, si ya ofisi. Na hii ya usimwambie yeyote ni ya nini? Kwani uliomba lini?"

"Sikuomba. Walinipigia wenyewe, wakanitaja jina langu kamili."

"Hata mimi nalijua jina lako."

"Ndiyo maana huna rafiki," dada akamjibu. "Tazama huo muhuri basi, si wewe fundi? Ada nimeshaipatia njia. Saa nane mnunuzi anakuja kuchukua cherehani yangu."

Tomaso akachukua kioo chake cha kukuzia, akitaka tu kumwonyesha kazi ya ovyo. Lakini ulikuwa muhuri mzuri, wa mkono uliotulia, ila ukingoni upande wa kulia palikuwa na pengo dogo, mahali kisu kilipoteleza. Alikumbuka kisu kile kikiteleza mkononi mwake. Alimkumbuka na mteja, bwana nadhifu wa shati jeupe aliyesema katumwa na ofisi, akalipa bila kuomba apunguziwe. Mchonga mihuri hutakiwa adai barua ya ofisi kabla hajagusa kisu. Siku ile Tomaso, mtu wa kushuku hata salamu, hakudai.

"Umeona?" dada akauliza.

"Nenda kwanza ofisini kwao ukaulize," akasema, macho chini.

"Wamenionya. Nikienda huko, wenye wivu watanikata jina." Akaikunja barua, akaondoka.

Mpaka adhuhuri Tomaso hakuchonga kitu. Akisema, kibanda kitafungwa, na huenda naye akalala ndani. Akinyamaza, dada atabaki mikono mitupu. Alijaribu kujiambia kwamba mihuri yenye mapengo iko mingi, lakini hakujiamini. Maisha yake yote alikuwa amewashuku wengine. Kujishuku mwenyewe ndiyo kwanza anaanza.

Saa nane alifika kwa dada akihema, daftari kwapani. Cherehani ilikuwa juu ya mkokoteni, mnunuzi anakaza kamba.

"Ishushe," Tomaso akasema.

"Kaka, usinianze."

Akafungua daftari. Humo alikuwa akigonga kila muhuri mara moja, kuujaribu, kabla ya kumkabidhi mteja. Akaichukua barua ya dada, akaiweka kando ya ukurasa, pengo kwa pengo. Dada akatazama ukurasa, akatazama barua, kisha akamkazia macho yeye, vile alivyozoea yeye kuwakazia watu.

"Ulijua tangu asubuhi."

Dada akamwambia mnunuzi ashushe cherehani, akavaa viatu. "Twende huko ofisini. Mimi nitaulizia ruzuku ya kweli. Wewe utabeba hilo daftari lako."

Karani alimpa dada fomu, akamweleza kwamba haiuzwi, haina wakala, na hapigiwi simu mtu ambaye hajaomba. Dada akaikagua fomu mbele na nyuma, akamtaka mkubwa wa karani, akamwuliza na huyo maswali yaleyale. Ndipo akakaa kuijaza.

Tomaso alibaki mlangoni. Kwenye benchi walikaa wanawake watano, kila mmoja na barua mkononi, na safari hii hakuhitaji kioo kuujua muhuri wake. Bibi wa mwisho alimwona kasimama na daftari lake, akasogea kumpisha.

"Kaa, mwanangu," akasema. "Na wewe matapeli wamekuliza?"