Imefungwa Nini?

Ripoti ya ajali ya treni ilisema kaka yangu alidanganya kwenye simu. Ilikuwa na kurasa sitini, lakini watu hawasomi kurasa sitini; wanachukua neno moja wanakwenda nalo bombani. Mtaani ikawa: alikuwa amelewa. Kaka huyo huyo aliyekuwa akiinusa kwanza hata dawa ya kikohozi, isije ikawa na pombe. Abiria kumi na mmoja walikufa siku ile, yeye akawa wa kumi na mbili, na kwa miaka tisa mama yetu hajakaa kwenye msiba wa mtu hadi mwisho, maana hakosekani mmoja wa kunong'ona. Mimi napenda watu, nyumba yangu haikauki wageni. Ila jina la kaka likitajwa, hata mimi nilikuwa nainuka kwenda kuangalia sufuria jikoni.

Kazi yake ilikuwa swichi ya njia ya mizigo. Njia kuu ikiziba, treni ya abiria hupitishwa huko. Sasa swichi ya huko, vile vyuma vinavyoihamisha treni kutoka reli hii kwenda ile, haijifungi yenyewe, kwa sababu mawe na saruji hayalalamiki yakitikiswa. Wakipita abiria, lazima mtu aende kwa miguu, akague njia, aibane swichi kwa chuma, aitie kufuli, ndipo apige simu chumba cha ishara, wanakoruhusu treni ipite. Siku ile kaka alipiga. Aliyepokea ni shemeji yangu, mume wa dada yetu mkubwa. Aliiambia tume ya uchunguzi, "Aliniambia imefungwa." Na huko njiani kulikuwa na behewa la mawe limesimama, treni ikaligonga. Tume ikaamua kwamba kaka hakukagua chochote, alisema tu akiwa amekaa kibandani, na kwamba alipokimbia mbele ya treni akipunga kitambaa chekundu alikuwa ameshtukia kosa lake, kachelewa.

Mwaka huu vyumba vya ishara vinahamia kwenye kompyuta, tukaitwa kwenye mtihani, watu wa stesheni zote. Mimi nami ni mtu wa reli; nilifanya Jumatatu, nikapita. Shemeji alifanya Jumanne. Kwa kuwa nilikuwa namwita shemeji mbele za watu, wenzetu wote wakamwita hivyo hivyo. Darasa zima likawa limemwoza dada yangu.

"Shemeji, ukifeli unapelekwa getini," mmoja alimtania. "Utakuwa unafungulia magari ya mabosi."

"Bora geti," alisema. "Geti halina abiria."

Mwalimu alikuwa binti mdogo, mpole, na kalamu yake sikioni. Kwenye kioo reli ni mistari ya mwanga na treni ni vipande vyekundu vyenye namba. Shemeji alikaa mezani. Mimi niliombwa kukaa chumba cha pili na simu, niwe sauti ya watu walioko njiani. Mwalimu akanipa karatasi: Njia kuu imeziba. Treni namba kumi na nne ipite njia ya mizigo. Umefika kwenye swichi, umekuta behewa njiani. Mjulishe.

Nikapiga.

"Chumba cha ishara."

"Shemeji, ni mimi, niko swichi ya mizigo. Imefungwa."

"Imefungwa. Haya, asante shemeji."

Nikaweka simu chini, roho nyeupe. Kazini ndivyo tunavyosema. Njia yenye kitu imefungwa, nani ana muda wa hotuba? Dakika mbili hazijaisha nikasikia kicheko upande wa pili.

"Shemeji kaua."

"Tena kaua na asante juu."

Nikaenda. Namba kumi na nne ilikuwa imelalia behewa, na juu yake kompyuta imeandika: MGONGANO.

"Ulimwambia nini?" Mwalimu aliniuliza.

"Nilimwambia imefungwa."

"Imefungwa nini?"

"Njia."

Shemeji hakugeuka. "Mimi nilisikia swichi," alisema.

Kicheko kilikatika. Sidhani kama walielewa. Waliona tu nyuso zetu. Swichi imefungwa, pitisha. Njia imefungwa, usipitishe. Neno ni lile lile. Tume ilikaa miezi minne, ikaandika kurasa sitini, na hakuna hata mmoja aliyeuliza swali aliloliuliza huyu binti.

Mwalimu alitazama fomu yake. "Kwa utaratibu, mpiga simu ndiye hakutaja kitu. Kosa naliandika upande wake, na yeye mtihani wake umeshapita, halimdhuru. Wewe umefaulu."

Shemeji akanitazama, kwa mara ya kwanza tangu niingie.

"Hapana, mwalimu. Andika kwangu. Anayepokea ndiye anayeifungua ishara. Nilitakiwa kuuliza."

"Nikiandika hivyo umefeli."

"Andika."

Nilimfuata hadi koridoni, karibu na tangi la maji.

"Ulikuwa unajua?"

"Siku ya tatu baada ya mazishi. Nilikuwa natia komeo mlango wa nyumba, dada yako akauliza kutoka chumbani, 'Imefungwa?' Nikabaki nimesimama pale pale."

"Miaka tisa, shemeji. Kila Jumapili unakula kwa mama."

"Nilikuwa nameza tu."

Kutukana najua, mtaa ndio ulionilea. Siku ile sikupata hata tusi moja la kumtosha. Nikamwambia ataandika barua kwa tume. Akasema ataandika, ila aanze na mama.

Tulimkuta mama sebuleni anakunja nguo, na majirani wawili wamekaa naye. Walipoona sura zetu wakainuka.

"Kaeni," mama aliwaambia.

Shemeji alipiga magoti, akaeleza: simu, neno, behewa, na siku ya komeo. Mama aliendelea kukunja hadi nguo zikaisha.

"Kwa hiyo alikwenda kukagua."

"Alikwenda, mama. Aliliona behewa. Ndiyo maana alipiga."

"Na hakuwa amelewa."

"Alikuwa mzima. Sauti yake ilikuwa safi kabisa. Kosa lilikuwa sikio langu, na baadaye mdomo wangu."

Jirani mmoja alikuwa analia, na ndiye aliyekuwa fundi wa kunong'ona.

"Habari za kukusamehe," mama alisema, "ni zangu na zako, tutazikalia siku nyingine. Sasa inuka. Nenda nyumba ya pili ukaseme hivyo hivyo ulivyosema hapa. Ukitoka hapo, ya tatu."

Akavaa viatu amfuate. Tulizunguka mtaa wote, jua likiwa bado juu na milango iko wazi. Kwenye mlango wa saba sauti ilimkatika shemeji. Mama alisimama kando yake, akamsubiri mpaka ilipomrudia.