Mlio wa Gitaa kwa Sauti ya Chini

Evaresta alitaka wimbo mmoja tu katika sherehe yake ya kuagwa kabla ya ndoa: ule ambao ndani yake baba yake mdogo, Placidius, hulielekeza gitaa lake la umeme kwenye spika na kuliacha liimbe lenyewe. Sauti ya spika huutikisa uzi wa gitaa, uzi nao huilisha spika, mpaka noti moja inapaa bila kuguswa. Lakini ukumbi walioupata mjini Kayanga ulipakana na wodi ya wazazi, na sharti lilikuwa sauti ya chini. Spika iliyopunguzwa sauti haitikisi uzi. Placidius akauondoa wimbo ule.

Mackrine, mdogo wa kike wa bibi harusi, alikuwa likizoni kijijini Nyabiyonza akitokea chuo kikuu. Aliahidi kuutengeneza mlio huo ndani ya kompyuta. Aliamini kwa dhati kwamba hesabu zingeweza kufanya kazi ya spika kubwa bila kumwamsha mtoto mchanga.

Placidius alisikiliza jaribio la kwanza akiwa amefumba jicho moja.

"Mwanangu, hawa ni senene wanaolia ndani ya kopo."

Mackrine alicheka, ingawa ilimchoma. Akamwomba apige gitaa lenyewe migombani, kwa sauti kubwa. Hapo akasikia alichokosea: mlio wake ulifika umeshakomaa. Ule wa kweli husita. Noti hufifia kwanza, kisha hudakwa, ikakua polepole na kurukia sauti nyembamba ya juu. Akaandika programu upya, safari hii akiirudisha sauti kwenye uzi alioubuni kwa hesabu, kidogo kidogo, kwa kuchelewa kama inavyochelewa hewani.

Siku ya sherehe gitaa lilipitia kwenye kompyuta yake. Placidius akapiga noti ya mwisho, ikafifia. Mackrine akakata tamaa. Kisha ikadakwa, ikapaa.

Cleophace, fundi mitambo, ambaye kila spika ikipiga yowe kwa sababu ya maiki hulaumiwa yeye, aliruka kitini. Alizima maiki ya mshereheshaji, akampokonya mchungaji ya kwake na kutoka nayo mbio nje. Mlio ukaendelea. Akarudi, akainama kuchungulia chini ya meza.

"Cleophace, kaa," Placidius alisema huku akicheka. "Hujaharibu kitu. Huo ni mlio wa binti yangu, Mackrine."

Evaresta alikuwa ameshavua viatu, anacheza. Placidius akaushikilia uzi na, kwa mazoea, akaisogelea spika, ingawa safari hii spika haikumhitaji: kompyuta ndiyo iliyoulisha mlio.