Kabati la Mlangoni

...nije bila sababu, au nisije, ndivyo alivyosema fundi wa bomba, kichwa na mabega vimezama chini ya sinki, miguu imenyooka sakafuni, soksi moja imetoboka kwenye dole gumba, na yeye, mwenye nyumba, amesimama kizingitini kati ya jikoni na sebule, mkononi ana chupa ya chai iliyovunjika kioo, miguuni ana gunia la makorokoro, moyo unamwenda mbio kama cherehani iliyopata mwanafunzi, jamani, mwanamke mzima, mama mwenye binti anayejitegemea, fundi nguo anayeheshimika mtaa mzima, leo anatetemeshwa na sauti inayotoka chini ya sinki... subiri kwanza, alisemaje hasa, alisema, "Fundi, bomba hili ndilo la mwisho. Nikilikaza, nyumba yako haivuji tena popote, na mimi sina tena sababu ya kuja. Sasa nauliza. Nije bila sababu, au nisije?" halafu akaendelea kukaza, kwi, kwi, kama aliyeulizia bei ya gundi, na ndivyo wanavyoitana, fundi kwa fundi, yeye wa nguo, yule wa bomba, mwanzoni alikuwa akimwita mama, mama naomba tochi, mama funga maji, akaacha lini hakumbuki, anachokumbuka ni kwamba siku alipoacha yeye alishona mkono wa blauzi ya watu ndani nje... jibu basi, mdomo si wako? lakini macho yanakimbilia kwenye gunia, gunia ndilo lililoleta yote haya, gunia na binti yake, "Mama, nyumba imekukaba," binti alisema kwenye simu, "kuna elimu ya Wachina, feng shui, maana yake upepo na maji, ukiondoa takataka nguvu njema inaingia mlangoni, inatembea vyumbani, ukizirundika inakwama, na wewe unakwama nayo," yeye akacheka sana, nguvu gani hiyo inayoshindwa na makopo, akainama chini ya kitanda kumridhisha mtoto tu, akatoa boksi la zipu mbovu, akatoa na gauni la bibi harusi ambaye hakurudi kulichukua na sasa ana wajukuu, akatoa mwavuli wenye mbavu bila kitambaa, na kila alichotupa alihisi kifua kinapanuka, lo, hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kutupa ni kutamu hivi, akahamia chumbani kwa binti, akahamia varandani, majirani wakaanza kuulizana kama anahama... "Fundi, upo?" "Nipo," sauti gani hiyo, imetoka nyembamba kama uzi wa kutarizi, "nipo, nafikiri," na chini ya sinki spana ikanyamaza kidogo, ikaendelea... na binti akasema tena, maji yanayovuja ni baraka inayovuja, mama, tafuta fundi, ndipo akaja huyu, na soksi zake, akakaza bomba la bafuni, akarudi kwa tangi, akarudi kwa choo, na yeye, aibu, acha aseme ukweli moyoni mwake mwenyewe, akawa anakata kitambaa huku ametega sikio, akiomba asikie kitu kinadondoka mahali, tone moja tu, Mungu wangu, tone moja tu la kumpigia simu fundi... na ile ramani ya miraba tisa aliyomtumia binti, ulaze upande wake wa chini pale mlangoni, kona ya mbali kulia ndiyo kona ya ndoa, yeye akajisemea ndoa sitaki mimi, napanga nyumba tu, lakini mbona kona ile ndiyo aliyoipiga deki mara mbili? kule sebuleni, mbali kulia ukitokea mlango wa jikoni, akaweka mito miwili, vikombe viwili, kila kitu kiwe jozi, na nani aliyekuja kuketi hapo, mteja wa kugombania zipu, na paka wa jirani, akalala mto huu akahamia ule... hii hapa kushoto, mara tu uingiapo jikoni, pa sinki, ramani ilisema kona ya elimu, akasema elimu niliyonayo yanitosha, hakuigusa, na leo fundi alipotaka kupenya kufikia bomba amelazimika kutoa kila kitu mwenyewe, "Fundi wee, hivi vyote unavitunza vya nini?" akavipanga sakafuni, bakuli zisizo na mifuniko, mifuniko isiyo na bakuli, hakuna kinachomfaa mwenzake, na nyuma kabisa hii chupa ya chai, chupa ya marehemu, mumewe, ilimponyoka asubuhi moja, kioo kikalia ndani kama mchele, akasema iweke hapo kwa muda, nitabadilisha kioo, lilikuwa neno lake hilo, kwa muda, kila kitu kwa muda, alipokuja na kabati la mama yake likakataa kuingia chumbani, yeye na kaka zake wakalisukuma mpaka likaziba mlango wa mbele, likae hapa kwa muda, tutapitia jikoni, na miaka yote wakapitia jikoni, mtu wa posta, mawifi, wateja, hata waliokuja kumlilia waliingia wakiruka masufuria... kabati lile pale, anauona ukingo wa mlango wa mbele kwa nyuma yake, bawaba zimeota kutu, na sauti ya binti inamrudia, mlango mkuu, mama, ramani inaanzia mlango mkuu, ule wa mbele, na yeye alijibu ndiyo ndiyo huku ameinua mguu kuingilia jikoni... ngoja, ngoja! mlango mkuu si huu, si huu hata kidogo, mlango mkuu uko nyuma ya kabati! geuza ramani basi, simama kule mbele, ingia kama mgeni anavyoingia, sebule, tembea mpaka mwisho, mbali, kulia, kidole kinapepea hewani mbele ya uso wake kama cha mwendawazimu, mbali kulia ni hapa, ni jikoni, ni chini ya sinki, kona ya ndoa ndiyo hii iliyojaa bakuli zisizo na mifuniko, na aliyeisafisha si yeye, ameisafisha huyu, kwa mikono yake, bila kuambiwa, na amelala ndani yake urefu wote, soksi na yote! kicheko kinampanda, anakibana kwa kiganja, kinamtokea puani, "Mbona unacheka? Nimeuliza vibaya?" na sauti ile haina mzaha tena, ni sauti ya mtu aliyeshika spana bila kukaza chochote, anaogopa, kumbe naye anaogopa, bomba lilishakazwa zamani, anajilaza pale tu asubiri jibu... na marehemu je? anaitazama chupa, anaitikisa, mchele wa kioo unalia, alimpenda, haki ya Mungu alimpenda, na hakuna Mchina wala jirani atakayemfundisha kumsahau, lakini kwa muda imeisha, baba, unasikia, imeisha kwa amani, anaiingiza chupa kwenye gunia taratibu, haidondoshi, na kifua kinapanuka kuliko siku zote, furaha tupu, furaha ya kumfanya mtu apige vigelegele peke yake jikoni, mgeni njoo mwenyeji apone, waliosema hawakusema apitie wapi, lakini si kwa mlango wa masufuria, huo ni wa mafundi na paka...

"Fundi," anasema.

"Naam," miguu imetulia tuli.

"Kesho usipitie jikoni."

Kisha polepole, kwa sauti ya mtu anayekusanya vifaa vyake, "Sawa. Nimekuelewa."

"Hujanielewa. Pitia mlango wa mbele."

"Mbele kuna kabati!"

"Ndiyo. Sasa unalala nini hapo? Toka tukalisukume."