Pikipiki Ndefu Nyumbani kwa Phelesia

Mimi ni mfupi. Nalisema mapema ili msomaji asije akanipa miguu ambayo Mungu hakunipa. Mwaka wa 1968 nilikuwa karani wa pamba, nikizunguka vituo vya kupimia kutoka Sori hadi bonde la Lambwe kwa baiskeli. Cheti changu cha shule ya jioni kilikuwa ukutani, kimewekewa kioo, na chama cha ushirika kilikuwa kimeniruhusu kununua pikipiki ya kazi. Kitu kimoja tu nilikuwa sijakipata, nacho ni kibali cha Phelesia, mama yake Filister.

Filister mwenyewe alikuwa tayari. Mama yake ndiye aliyekuwa akisitasita, na maneno yalikuwa yamenifikia: eti ameuliza kama wajukuu wake watapanda kigoda ili kufunika chungu. Jumamosi ile nilitakiwa kwenda kwake Lambwe, na jibu lake lingetoka siku hiyohiyo.

Kwa hiyo asubuhi nilikwenda kwenye duka la pikipiki pale Homa Bay, pamoja na Baba mdogo Maurice, ndugu wa marehemu baba yangu. Baba mdogo alikuwa mrefu sana, na aliamini kwamba urefu wake ulikuwa mali ya ukoo mzima.

Muuzaji, Barnabas, alikuwa na pikipiki mbili. Moja ilikuwa nyeusi, ndefu, na kiti chake kilinifika kifuani. Ya pili ilikuwa nyekundu, ndogo, kiti chake chini, tairi zake zina meno makubwa ya kushika tope, na bomba lake la moshi limepandishwa juu ili lisinywe maji mtoni.

"Hii nyekundu ni ya njia za porini," akasema Barnabas. "Mawe, tope, mto, yote inapita. Wakunga wanaipenda."

"Wakunga," akasema Baba mdogo.

"Na masista wa misheni."

"Nicanor, umesikia? Wakunga na masista. Unakwenda kuomba mke au kuzalisha mtu?"

"Lakini Baba mdogo, miguu yangu," nikasema.

"Miguu ni ya kutembea. Pikipiki inatembea yenyewe. Mwanamume mfupi hununua fahali mrefu, ndiyo boma lake lionekane kutoka mbali. Ukienda kwa yule mama umekalia kitu kama mbuzi, atakupima mara moja na kukurudisha."

Mimi ni mtu wa kusoma, lakini siku hiyo hoja ya fahali iliniingia. Barnabas akakubali niijaribu ile nyeusi mpaka jioni, mradi tumwachie kitu cha kuaminika. Hatukuwa na kitu. Tukamwacha Baba mdogo. Akapewa kiti na chai, naye akaketi pale dukani kama rehani, ameridhika.

Nilipanda kutoka barazani, Barnabas akiishikilia. Kuendesha nilikwisha jifunza Migori, na barabarani nilikwenda vizuri. Upepo ulinipiga, watoto walinipungia mkono, na kwa mara ya kwanza maishani niliona paa za nyumba kwa juu kidogo.

Tatizo la kusimama nililigundua kabla ya Lambwe, ng'ombe walipojaa njiani. Nilipunguza mwendo, nikanyoosha mguu kutafuta ardhi, nisiipate. Pikipiki ikaanza kulala. Nilichopata ni mgongo wa fahali mmoja mweupe, nikauegemea. Fahali hakujali. Aliendelea kutembea, nami nikaendelea kutembea naye, nimemkumbatia.

Mwenye ng'ombe alikuwa Mkuria mmoja mchuuzi, Mwikwabe, aliyekuwa akitoka mnada wa Ogwedhi.

"Bwana," akaniuliza, "huyo unanunua ama unasalimia tu?"

"Nataka kusimama."

"Simama basi."

"Siwezi."

Akaitazama pikipiki, akanitazama mimi. "Hata mimi kuna ng'ombe siwezi kukamua," akasema kwa upole. "Ninawaachia wengine." Akanisukuma kwa nyuma, nikaondoka.

Sasa nieleze jambo la kwetu. Mama mkwe, ambaye kwa Kijaluo ni maro, haguswi. Hamkaribiani, hamtazamani usoni, na hata maneno hupitia kwa mtu wa tatu. Na mkwe mtarajiwa akianguka miguu juu mbele yake, basi wazee wataitwa kuondoa mkosi, na Filister atakuwa na nywele za mvi kabla hawajamaliza. Kuanguka hakukuwezekana. Kushikwa na yeye hakukuwezekana. Niliomba moyoni nimkute kaka yake Filister, au hata mpita njia.

Nilikuta mama peke yake uani, anaanika mtama, na mbwa wake. Wanaume walikuwa matangani. Filister alikuwa mtoni.

Lango lilikuwa wazi. Lakini nikiingia, nisimame wapi? Boma lilizungukwa na ua wa minyaa, na mnyaa una utomvu unaopofusha macho, hauegemewi. Nikafanya lililobaki. Nikapita mbele ya lango bila kuingia, nikauzunguka ua wote kwa nje, nikarudi langoni tena.

Phelesia aliinuka, akageuzia uso wake upande wa ghala kama heshima inavyotaka, akasema na mbwa.

"Mbwa, muulize huyo mgeni. Amekuja ama anapita?"

Nilikuwa nimekwisha pita. Nilimjibu niliporudi.

"Mbwa, mwambie mama nimekuja."

"Mbwa, mwambie kwamba mtu akija hushuka."

Mbwa hakumwambia mtu chochote. Alikuwa nyuma yangu anabweka, akijaribu kunishika suruali. Nikazunguka tena.

"Mwambie nitashuka."

"Muulize lini. Ugali utapoa."

Nilizunguka. Vumbi lilikuwa limeinuka na kuufunika mtama wake. Kuku walikuwa wamepanda juu ya paa. Nilijua kwamba petroli itakwisha, na itakapokwisha nitaanguka pale itakapopenda yenyewe, pengine miguuni pake. Nilimwona ameuweka mkono kiunoni. Safari hii alisema polepole, kama mwenye huruma.

"Mbwa, muulize. Miguu haifiki?"

Nilikuwa na mzunguko mzima wa kufikiri. Ningeweza kusema breki ni mbovu. Ningeweza kusema pikipiki za kisasa hazisimamishwi haraka, naye asingejua. Lakini nilikuwa nimekuja kuomba binti yake, na uongo wa siku ya kwanza mtu hulala nao kitanda kimoja.

"Mwambie haifiki," nikasema. "Hata mmoja."

Niliporudi langoni sikumkuta. Nilikuta kinu cha kutwangia kimesimamishwa kando ya njia, kimepinduliwa, kitako juu, na mlango wa jikoni umefungwa. Alikuwa amekiviringisha mwenyewe kisha akaondoka ili asione. Nikazima injini, nikaweka mguu wa kushoto juu ya kinu, na pikipiki ikatulia.

Nilifurahi kwa muda mfupi. Nikiinua mguu wa pili, pikipiki itaanguka. Nikiacha usukani, itaanguka na mimi. Kwa hiyo nilibaki pale, mguu mmoja juu ya kinu na mmoja ng'ambo ya kiti, mbwa ameketi mbele yangu ananitazama, mpaka Filister alipotoka mtoni na mtungi kichwani.

Alisimama. "Nicanor, unafanya nini?"

"Nimefika."

"Naona. Tangu lini?"

"Shika hiki kitu kwanza, halafu ucheke."

Alicheka kwanza. Akatua mtungi, akacheka tena ameshika magoti, ndipo akaja kuushika usukani. Nikashuka. Mlango wa jikoni haukufunguka, lakini sauti ya mama ilitoka.

"Filister, mwambie mgeni wetu. Kwamba ni mfupi nilikwisha liona zamani, na si ugonjwa. Ila amepanda kitu asichoweza kukishuka, tena anataka kukuoa. Mtu wa hivyo atakupandisha wapi, na nani atakuletea kinu? Leo sitoi jibu. Arudi na kitu kinachomtosha. Akirudi na hicho kirefu, asibishe hodi."

"Amesikia, mama."

"Na mwambie kwamba ameniambia ukweli. Apewe ugali kabla hajaenda."

Nilipanda tena kutoka juu ya kinu, Filister akiishikilia, na jioni niliingia Homa Bay na kuegemea ukuta wa duka. Baba mdogo alitoka, bado na kikombe mkononi.

"Walionaje?"

"Waliona mbwa na kuku. Barnabas, nionyeshe ile nyekundu."

"Omera," Baba mdogo akasema, kwani akikasirika aliniita ndugu, "hiyo ni ya wakunga."

"Wakunga hufika, Baba mdogo. Na wakifika, hushuka."

Nilipanda ile nyekundu palepale chini, bila baraza. Nyayo zangu zote mbili zililala ardhini, visigino na vidole. Nikaiinamisha kushoto, nikaiinamisha kulia, ikanitii. Barnabas akanionyesha meno ya gia ya mnyororo kwenye gurudumu la nyuma, jinsi yalivyo mengi kwa ajili ya milima. Nikampiga maswali yote niliyokuwa nimeyasoma kwenye kitabu chake cha Kiingereza, akayajibu matatu.

Baba mdogo aliizunguka. "Na mimi nitakaa wapi, siku ya kwenda kuzungumza mahari?"

"Nyuma yangu."

Na ndivyo alivyokwenda. Magoti yake yalikuwa juu ya mabega yangu, na kwenye kivuko cha mto ilimbidi ainue miguu yote miwili hewani kama panzi. Kwa Phelesia nilipunguza mwendo, nikaingia langoni, nikasimama, nikashuka, nikaenda kuketi mbali na mlango wa jikoni. Baba mdogo ndiye aliyehitaji kusaidiwa, maana magoti yalikuwa yamekwama.

Kibali kilitolewa kabla chakula hakijaiva. Mama alimtuma Filister aje aseme kwamba amesikia injini ikizima mara moja tu, na hiyo imemtosha.

Baada ya arusi Filister alijifunza kuiendesha, kwa kuwa naye si mrefu kunizidi sana, na kiti kile kilimkubali. Siku za soko mama yake alitaka kwenda kwa pikipiki. Nyuma yangu asingeweza kuketi hata kwa amri ya mkuu wa wilaya. Alikaa nyuma ya binti yake, kitambaa kimefungwa vizuri kichwani, wakashika njia ya mawe wakiruka kidogo kidogo. Nami nilifuata kwa miguu, mbali kiasi cha heshima, nimebeba kapu la mayai, kwa sababu juu ya pikipiki yangevunjika.