Kioo cha Gari la Maharusi

Kioo cha pembeni cha gari letu kililegezwa na harusi zenyewe. Wakongo wa hapa Johannesburg hawakubali gari la harusi litoke bila fundo la kitenge kwenye vioo, na wasimamizi hulivuta lile fundo kama wanafunga gunia la makaa. Gari lenyewe ni la mwaka sabini na mbili, jeupe, na mume wangu Hénock hana kazi nyingine ila kuliendesha.

Alhamisi alirudi kutoka Newtown amenuna. "Mama Chloé, kioo kinacheza. Magari ya nyuma siyaoni, naona uji tu. Na Jumamosi tunambeba bibi harusi, Falonne."

Nikamfunga mtoto mgongoni, tukatoka nje, pale barabarani Kensington. Kweli, injini ilipowaka kioo kilitikisika kama jino la mtoto linalotaka kung'oka. Hénock akabandua ubao wa ndani wa mlango, akashika nati kwa spana. Mimi nikakata kipande cha tyubu ya baiskeli, nikakilaza chini ya kitako cha kioo, nikakaza skrubu.

"Washa."

Akakaa kwenye usukani, akawasha. Nikaweka kiganja juu ya kioo. Kimetulia tuli. Nikamwona Chloé mle ndani, amelala begani kwangu, kope zake zikionekana moja moja.

"Bado," akasema Hénock.

"Bado nini?"

"Kinacheza! Kaza, mama. Hiyo ni skrubu, si nyoka."

Nikakaza. Bado. Nikakaza tena hadi bisibisi ikanichubua kidole. Bado, akasema, na sasa sauti ilikuwa kali.

"Eish, Baba Chloé! Basi hata robot ya pale kona inacheza!"

Nilikuwa namtania. Yeye akainua macho, akaitazama ile robot, taa ya kuongozea magari, mpaka nyekundu ikageuka kijani. Hakucheka.

"Nayo inacheza," akasema.

Nikaingiza mkono dirishani, nikazima injini. "Tangu lini?"

"Tangu Pasaka. Nilidhani ni kioo."

Nikamwambia Jumatatu tutakwenda kwa daktari wa macho, kwamba mambo haya yana dawa. Sijui kama yana dawa. Nilisema kwa sauti ile ninayombembelezea mtoto.

"Mpigie mama yake Falonne," akasema. "Mwambie gari limeharibika."

Nikasogea kando na simu. Mama wa watu akaniita binti yangu, akaniuliza kama kitenge cha dhahabu kitapendeza kwenye gari jeupe. Nikamjibu kitapendeza sana. Nyuma yangu Hénock alikuwa ameshuka, ameokota bisibisi, anakaza.